Mahari ya Maji ya Chumvi

Kwanza niiweke sawa habari ya mahari yangu, maana hapa Bariadi imepita midomo mingi na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Wapo wanaosema nilidai bahari nzima. Wapo wanaosema nilidai samaki wa dhahabu. Mimi nilidai vitu vitatu tu: tangi la kioo la futi tatu, madumu tisa ya maji ya bahari ya Tanga, na vitatange wawili walio hai, wale samaki wa rangi wanaoishi kwenye matumbawe.

Nilikuwa na haki yangu. Katika dini yetu mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, anataja akitakacho, na shehe aliponiuliza nyuma ya pazia nilimjibu kwa sauti iliyofika mpaka barazani. Wajomba zangu walicheka. Athumani hakucheka. Alikuwa amekuja Tanga kwa kozi ya ukarani ya miezi sita, na alipotaka kunioa nilijua wazi kwamba atanipeleka kwao, siku mbili tatu kwa treni, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni lambo la ng'ombe. Nilitaka kujua kama ananitaka mimi au anataka mpishi. Mwanamume anayekubali kubeba maji ya bahari mpaka Usukumani, huyo anakutaka wewe.

Aliyabeba. Madumu tisa yalipanda treni Tanga, yakashuka Malampaka siku ya tatu, yakapakiwa kwenye lori lililokuwa likirudi na magunia matupu ya pamba. Tukapita Maswa adhuhuri, tukaingia Bariadi jioni. Vitatange walikuwa kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa kipande cha chandarua, nimeipakata mimi, na kila baada ya muda Athumani alitia mrija majini akapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Abiria waliokaa nasi behewani waliamini tunapeleka dawa kwa mganga. Tuliwaacha waamini, kwa sababu walisogea mbali nasi na tukapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Elimu ya samaki niliipata kwa baba. Mzee Faki alikuwa mzamiaji, na kwa miaka kumi na miwili alimtunzia mtafiti mmoja wa Kizungu matangi yake ya kioo. Mtafiti alipoondoka alimwachia baba kipimajoto, na baba akanipa mimi siku ya harusi. Alikuwa amekifunga vitambaa viwili vyekundu, kimoja kwenye nyuzi ishirini na tano, kingine kwenye ishirini na saba. Akaniambia, "Mwanangu, samaki wa matumbawe anavumilia njaa kuliko anavyovumilia kubadilikiwa. Usimshushe chini ya hiki, usimpandishe juu ya hiki. Na ukikosea, rudi taratibu."

Ukiwa Tanga maneno hayo ni mepesi, bahari inajitunza yenyewe. Bariadi si Tanga. Mchana bati linachoma mpaka misumari inalia, na alfajiri ya mwezi wa saba unatafuta blanketi la pili. Tangi nililiweka chumba cha katikati, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Mchana nililizungushia gunia lililoloweshwa, kwa kuwa gunia likikauka linaondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji. Jioni nilichemsha maji nikajaza chupa kubwa za dawa nilizopewa zahanati, nikazifunga vizuri na kuzining'iniza tangini, mbili jioni na mbili nikiamka kusali alfajiri. Hewa ilitoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Athumani aliujaza kwa pampu asubuhi na jioni, nao ukaiachia kidogo kidogo kwa mrija mwembamba mpaka chini ya tangi. Maji yaliyopungua nilijazia ya mvua yaliyochemshwa, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Kuyasimulia haya ni dakika moja. Kuyafanya ni kila siku ya Mungu, na kwa mwaka mzima niliyafanya huku naimba. Sikuwahi kufikiri kwamba nitapata raha nchi kavu kiasi kile.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Athanasi, alifika na daftari lake. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa kila kitu kikihesabiwa, na alitaka kujua kama tangi ni mradi wa kibepari.

"Ni mahari," nikamwambia.

Alitazama vitatange kwa muda mrefu, wale wawili wa manjano wenye mistari myeusi, wakizunguka jiwe lao. Kisha akaandika. Nilichungulia nikaona: mifugo, wawili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Laiti ningejua kwamba yupo mtu mmoja ambaye hesabu ile ilimwingia moyoni hivyo hivyo ilivyoandikwa.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu, Nyanjige. Marehemu mume wake alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa hapa mjini, lakini yeye ni Msukuma wa Ngulyati, na alipofiwa alirudi kwa kaka zake na ng'ombe wake wachache aliowapata kwa jasho lake. Mtu mrefu, mkavu, haongei sana. Kila alipokuja mjini alianza kwenye tangi. Nilikuwa nikimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye anaitikia, "Mwangaluka, ng'wanone," mwanangu, kisha anaongeza, "Hawajambo?" Nilidhani anauliza habari za watu wa Tanga. Alikuwa anauliza habari za samaki.

Sasa ije habari ya gunia.

Athumani alikuwa karani wa pamba kituo cha Ngulyati. Kabla gunia halijapanda mzani, kazi yake ni kulifungua na kuingiza mkono mpaka kwapani. Pamba kavu huko ndani ni laini na ya ubaridi. Pamba iliyonyunyiziwa maji ili iwe nzito inaanza kuchemka yenyewe, ukiingiza mkono unapokelewa na joto la chungu kilichoepuliwa. Kunyunyizia ni kosa, na karibu kila mtu alinyunyizia kidogo. Mkono wa Athumani ulikuwa hauna rafiki. Siku moja katika mwezi wa saba gunia lililowekwa mbele yake lilikuwa la mama yake mzazi. Aliingiza mkono, akautoa, akasema mbele ya foleni nzima, "Hili lina maji. Lirudi likaanikwe."

Nampenda mume wangu kwa jambo lile. Karani akipitisha gunia la mama yake atalikataaje la jirani? Ila nilimwambia pia kwamba mama hunong'onezwa.

Nyanjige hakubishana. Alilifunga gunia lake, akalipandisha kwenye lori, akaja nalo mpaka kwetu mjini, akaliegemeza ukumbini.

"Pamba yangu ni kavu," alisema. "Itakaa hapa mpaka mwanangu aniombe radhi."

"Basi tuianike, mayu," nikasema. "Jua lipo."

"Kinachoanikwa ni kibichi. Hii ni kavu."

Hapo akawa amejifungia mlango na ufunguo akautupa nje. Gunia likakaa. Athumani akawa analipita kila asubuhi bila kulitazama, mama yake akawa amekaa kando yake kwenye kigoda kama mlinzi wa benki, na mimi katikati nikiwapelekea chai mmoja mmoja. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na nyumbani kwangu nilikuwa nao wawili wa damu moja.

Siku ya nne uvumilivu ulinishinda. Baridi ya usiku ule ilikuwa imezidi, nilikuwa nimebadilisha chupa mara nne badala ya mbili, na Athumani alisahau kujaza hewa kwenye mpira kwa sababu alitoka nyumbani haraka ili asikutane na mama yake. Nilikuta mrija umenyamaza na samaki wamepanda juu wanatweta. Niliujaza mwenyewe kwa hasira, na aliporudi nilimpokea mlangoni.

"Athumani, sikiliza vizuri. Samaki hawa wakifa, kesho yake napanda gari narudi Tanga. Sikai siku mbili."

Kwetu pwani mwanamke anasema hivyo mara tatu kwa mwezi. Ni maneno ya kupunguzia hasira, kama kupiga masufuria. Athumani aliyajua ya pwani, aliomba msamaha, tukala, yakaisha. Ulimi hauna mfupa. Lakini Nyanjige alikuwa kwenye kigoda chake, na yeye hajawahi kusema neno ambalo halikukusudiwa.

Siku ile ile jioni nilimsikia akimuuliza mwanawe kwa Kisukuma, nami nilikuwa nimeshakijua cha kutosha. Alimuuliza kama ni kweli kwamba wale samaki ndio mahari yenyewe, hakuna ng'ombe waliofichwa mahali. Athumani akamjibu kwamba ni kweli. Akauliza tena kama hakuna kingine kilichotolewa. Athumani akasema hakuna. Mimi nikaendelea kuchambua mchele wangu.

Ijumaa iliyofuata tulialikwa Nyalikungu kwenye harusi ya Rehana, rafiki yangu wa kwanza huku bara. Tulipaswa kulala siku mbili. Nilimwachia Nyanjige tangi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine niliyemwamini zaidi. Nilimwonyesha kila kitu: chupa mbili jioni, mbili alfajiri, gunia bichi mchana, mpira asubuhi na jioni. Alirudia kila neno. Kipimajoto hakuweza kukisoma, lakini nilimwonyesha vitambaa viwili, nikamwambia wekundu wa ndani usitoke katikati.

"Wakipata baridi watakufa?" aliuliza.

"Watakufa, mayu."

Sikumwambia kwamba joto nalo linaua. Kosa ni langu pia. Ilikuwa mwezi wa saba, nani angefikiria joto?

Harusi ilikuwa nzuri, tulikula pilau tukacheka, na kwa siku mbili mimi na Athumani tulikuwa kama tumeoana juzi. Jumapili saa nane mchana tulishuka kwenye gari hapa Bariadi. Nyanjige alikuwa amesimama mlangoni akitungojea, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Alikuwa anatabasamu.

"Mahari yako imelala joto," alisema. "Njoo uone."

Nikaingia. Tangi halikuonekana. Alikuwa amelizungushia mikeka miwili akaisimamisha kama zizi, na kati ya mikeka na kioo alikuwa ameshindilia pamba, pande zote nne, mpaka juu. Juu yake ametandika kanga yangu nzuri. Gunia la ukumbini lilikuwa tupu, limekunjwa vizuri.

"Ndama akizaliwa kwenye baridi tunamlaza hivi hivi," alieleza. "Chupa nimeweka zote ulizosema. Na pamba hii, kwa vile ni kavu, haikosi kutia joto."

Niliondoa kanga. Mvuke ulinipiga usoni. Niliingiza mkono kwenye pamba, nikautoa upesi, kisha nikakitazama kipimajoto. Wekundu ulikuwa umepita kitambaa cha juu mpaka kwenye nyuzi thelathini na tatu. Kitatange mkubwa alikuwa amelala ubavu chini, pezi moja tu linatikisika. Mdogo alikuwa juu kabisa kwenye mapovu ya mrija, kinywa kimeachama.

"Mayu," nikasema, "umewachemsha."

Natamani nisingelisema. Lile tabasamu lilitoka usoni mwake taratibu.

Athumani alikwishatoka mbio. Alirudi na mtungi mzima wa maji ya kunywa, ya baridi, ameuinua begani tayari kumimina. Nilimshika mkono kwa nguvu zangu zote.

"Utawaua sasa hivi. Hayo ni ya baridi na hayana chumvi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tutarudi taratibu."

Tuliivunja mikeka, tukaitoa pamba kwa mikono, na ya chini ilikuwa imebadilika rangi, inanuka kama majani yaliyooza. Nikatoa chupa. Nikalowesha magunia matatu nikalizungushia tangi. Kisha nikawapa kila mmoja ungo. Gunia bichi peke yake linapoza pole pole, lakini likipepewa linafanya kazi mara tatu. Athumani alisimama upande wa dirisha na mama yake upande wa mlango, wakapepea, na mimi nikawa naenda kati ya kisima na magunia na kipimajoto, na kila magunia yalipokauka niliyamwagia maji. Nilitaka joto lishuke nyuzi moja kwa saa, si zaidi. Ilipita saa moja, likashuka moja. Nilisema, "Thelathini na mbili." Nyungo zikaendelea.

Mkono wa Athumani ulichoka kwanza. Akakaa chini, na akiwa pale sakafuni mkono wake ukaangukia lundo la pamba. Ule mkono ulijifanyia kazi yake wenyewe. Uliingia ndani ya lundo mpaka kwapani, ukakaa. Alimtazama mama yake.

"Mayu. Hii pamba."

Nyanjige hakuacha kupepea.

"Nilinyunyizia," alisema. "Kidogo. Kibuyu kimoja. Watu wote wananyunyizia."

"Nilisema ina maji."

"Ulisema kweli, baba. Sasa inuka upepee."

Akainuka akapepea. Nimeona watu wakiombana radhi kwa vikao na kwa mbuzi wa kuchinjwa, lakini sijaona radhi iliyokwisha haraka kama ile. Wakapepea wote wawili, mapigo yakiwa mamoja, jasho likiwatoka, na jua lilipoanza kupungua kitatange mdogo aliondoka juu akashuka kidogo kwenye jiwe. Nikasema, "Thelathini." Mkubwa pezi lake lilikuwa limesimama. Nilimwangalia sana, nikijidanganya kwamba mkondo wa mapovu ni yeye. Adhana ya isha ilipolia maji yalifika ishirini na nane, na nilijua kwamba mdogo atapona na mkubwa amekwisha kufa.

Nilimtoa kwa kijiko cha mbao. Nililia, siwezi kuficha. Nilimlilia samaki, na nililia kwa sababu alikuwa ametoka Tanga mapajani mwangu. Nyanjige aliweka ungo chini. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Unamzika wapi?" aliuliza.

"Chini ya mpapai, mayu."

Alimchimbia shimo yeye mwenyewe, kwa jembe, refu mno kwa samaki. Asubuhi yake tulipoamka hayupo. Uji niliomwachia jikoni haukuguswa, gunia lake tupu kaliacha, na wanawake wa kisimani waliniambia wamemwona akiishika njia ya Ngulyati kwa miguu.

Nilijua ni neno langu limemfukuza. Siku nzima nilikuwa naliona lile tabasamu likiondoka. Jioni nilimwambia Athumani kwamba siku ya mapumziko yake nitakwenda Ngulyati nimwombe radhi, nimweleze kwamba pamba ni wazo zuri ingekuwa kavu, na kwamba mimi ndiye sikumwonya habari ya joto.

Athumani alikuwa anajaza mpira. Alisimamisha pampu.

"Si neno lile," alisema. "Mayu hajali kuambiwa kosa lake. Anaogopa kitu kingine."

"Anaogopa nini?"

"Ulisema samaki wakifa unarudi Tanga."

"Hasira zile? Athumani, kila mtu anajua."

"Kila mtu wa Tanga. Asumini, kwetu ng'ombe wa mahari akifa mapema mwanamume anatafuta mwingine amweke mahali pake, la sivyo watu wa mke wanasema ndoa imebaki nusu, binti yao arudi. Mayu alipokuwa na umri wako dada yake alirudishwa hivyo, kwa ajili ya ng'ombe wawili waliokufa kwa ugonjwa. Aliondoka na hakuonekana tena. Wewe mahari yako ilikuwa wawili, Mjumbe aliandika. Alinitajia tangu jioni ile, nikacheka, nikadhani ni maneno ya uzee. Kumbe alikuwa hapati usingizi, anasikiliza kama chupa zimepoa."

Na mimi nilianza kucheka, kisha kicheko hakikutoka. Nilimkumbuka amekaa ukumbini kwenye kigoda, na mimi nikidhani analinda gunia. Yule mama alikuwa ananilinda mimi. Aliitumia ile pamba aliyoapa kwamba ni kavu, pamba ya heshima yake, akaishindilia kwenye kioo ili niendelee kukaa. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya maishani mwangu.

"Tutakwenda kesho," nikasema. "Hatungojei mapumziko."

Kesho yake lori la Ngulyati halikuja, mafuta yalikuwa hayapo. Keshokutwa yake saa nne asubuhi nilikuwa natandika gunia bichi kwenye tangi, niliposikia mtu akibisha hodi uani kwa sauti ya chini. Nikatoka. Nyanjige alikuwa amesimama pale na vumbi mpaka magotini, na mkononi ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwa mtamba wa rangi ya kahawia, macho makubwa, ananusa kanga zangu zilizoanikwa.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

"Mwangaluka, ng'wanone. Yule mdogo hajambo?"

"Hajambo. Amekula asubuhi."

"Sawa. Mmoja ni huyo aliyebaki." Alinyoosha mkono wenye kamba. "Na huyu ni wa mahali pa yule mwingine. Sasa ni wawili tena. Mtu asiseme ni nusu."

Athumani alikuwa ametoka nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, na baadaye aliniambia ni kwa sababu alimtambua yule mtamba. Mama yake alikuwa na ng'ombe watano. Alikuwa na uwezo wa kuleta aliyekonda, au yule kizee asiyezaa. Alimleta aliye bora, ambaye kaka zake walikuwa wamemwomba miaka miwili akawanyima.

Ningeweza kupokea tu na kunyamaza. Lakini niliona si haki mtu atembee njia yote ile juu ya jambo ambalo halipo, kwa hiyo nikamwambia.

"Mayu, kwetu mahari ikishafika mkononi mwangu ni yangu, ikifa imenifia mimi. Hakuna anayepaswa kuleta badala yake. Na mimi sikuwa naondoka. Hata siku ile nilipokuwa nasema, sikuwa naondoka. Ilikuwa hasira."

Alinitazama. Alimtazama mwanawe, ambaye alitikisa kichwa kukubali. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki.

"Ulikuwa huondoki," alisema.

"Nilikuwa siondoki, mayu."

"Hata wangekufa wote wawili?"

"Hata wangekufa wote wawili."

Mtamba alikuwa akitafuna upindo wa kanga yangu na hakuna aliyemzuia.

"Basi sheria ya kwenu ni hiyo," alisema mwisho, "na ya kwetu ni hii. Ya kwenu haikulazimishi kukaa kwa sababu ya ng'ombe, na ya kwetu hainiruhusu nirudi naye. Shika kamba, miguu inaniuma."

Mimi nilikuwa naogopa ng'ombe, wote, tangu siku ya kwanza nilipoletwa huku. Nilishika kamba. Kisha nikamkumbatia mama yule mbele ya ng'ombe, mbele ya mume wangu, mbele ya jirani aliyekuwa anachungulia juu ya uzio, jambo ambalo wakwe hawafanyi hapa, na yeye akasimama wima kama nguzo kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Lakini hakuniondoa.

Jioni ile nilimwandikia baba barua. Nilimweleza kwamba kitatange mkubwa amekufa kwa joto, kwamba mdogo yuko nyuzi ishirini na sita na anakula, na kwamba nimepewa mtamba. Chini kabisa nikaandika kwamba chumba changu kule Tanga, ambacho najua amekiacha kitupu na kitanda kimetandikwa, sasa anaweza kumpangisha mtu.